Fumua Mara Moja

Fundi cherehani anaishi na makosa ya aina mbili. Ukikosea kushona, unachukua wembe, unafumua, unashona upya. Ukikosea kukata, kitambaa kimekwenda, na kama ni cha mteja, unakilipa. Ndiyo sababu wanafunzi wanaokuja kujifunza kwenye kibanda chetu hapa Nakivale hawagusi cherehani siku za kwanza. Nawapa futi kamba, chaki na magazeti ya zamani. Pima, andika, pima tena, kata gazeti, lijaribu mwilini. Mkasi ukishikwa nataka utulivu kamili, na hapo simwonei mtu haya: nusu inchi kwenye kwapa ni nusu inchi. Lakini mkasi ukishawekwa chini, namtaka mwanafunzi yuleyule awe mtu mwingine. Akanyage cherehani, asonge mbele, amalize gauni, alipige pasi, alipeleke kwa mwenyewe.

Hatua hii ya pili ndiyo inayowashinda wengi, na katika miaka yangu ya kufundisha sijaona ikimshinda mvivu. Inawashinda wenye mikono mizuri na macho makali, wale ambao ukitazama kazi yao unajua kabisa kwamba wangeweza kuishi kwa ushonaji. Gauni linakaa ndani ya mfuko wiki baada ya wiki kwa sababu bega la kushoto halijamridhisha fundi. Watu wakipita wanasema, “Yule binti ni makini sana,” na binti anaumia huku akisifiwa.

Msomaji asiyeijua Nakivale huenda anafikiria mahema. Makazi haya ya wakimbizi yako wilaya ya Isingiro, kusini-magharibi mwa Uganda, kando ya ziwa lenye jina hilohilo. Yalifunguliwa mwaka 1958 na kutambuliwa rasmi 1960, wakati Wanyarwanda walipokuwa wakikimbia kwao. Leo yana watu zaidi ya 150,000. Sisi Wakongo ndio wengi, na tupo pamoja na Warundi, Wasomali, Wanyarwanda, Waethiopia na Waeritrea. Kuna nyumba za udongo, maduka, makanisa, misikiti, vinyozi, na Kiswahili ndicho kinachotuunganisha sokoni. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inamruhusu mkimbizi kufanya kazi, kufungua biashara na kutembea nchini. Mji wa Mbarara, uliopandishwa kuwa jiji mwaka 2020, uko karibu kiasi kwamba fundi anaweza kwenda asubuhi kununua vitenge na nyuzi akarudi jioni, nguo zimejaa vumbi jekundu la barabara. Kwa hiyo mlango wa sheria uko wazi, na soko lipo. Hata hivyo kila mtaa hapa una kabati au sanduku lenye kazi nzuri ambayo haijawahi kutoka nje.

Nitamzungumzia binti mmoja kutoka Masisi, kwetu Kongo, bila jina kwa sababu hapendi kutajwa. Shule za Uganda zilifungwa Machi 2020 kwa ajili ya korona, na ingawa baadhi ya madarasa yaliitwa kwa vipindi, zilifunguliwa kwa wote Jumatatu ya tarehe 10 Januari 2022. Hakuna nchi nyingine duniani iliyofunga shule kwa muda mrefu hivyo. Fikiria maana yake kwa fundi. Karibu miaka miwili imepita, watoto wamerefuka, sare walizoziacha hazifiki hata magotini. Wazazi walikuja na vitambaa wote kwa pamoja, kila mmoja akitaka shati na sketi au kaptula kabla ya Jumatatu. Kibanda kizima kilikuwa rangi ya buluu na waridi.

Binti huyu nilimpa mashati. Alikata vizuri kuliko sisi wote. Kisha akafika kwenye kola, akasimama. “Mama, ncha hii imeizidi ile.” Nikaweka futi kamba: tofauti ilikuwa milimita mbili, na kola ikishafungwa kifungo huioni. Akafumua. Akashona. Sasa ncha zikalingana, lakini mshono wa juu ukawa na kiwimbi. Akafumua tena.

Hapa nieleze jambo ambalo wasioshona hawalijui. Kitambaa cha sare ni mchanganyiko wa pamba na poliesta, na sindano ikipita huacha tundu. Ukifumua mara moja na kupiga pasi yenye mvuke, matundu mengi hujifunga. Ukifumua mara ya pili, ukingo unaanza kuchoka na nyuzi za kitambaa zinasogea. Mara ya tatu unashona juu ya matundu, na mshono mpya hauna pa kushika. Kola iliyofumuliwa mara nyingi ni dhaifu kuliko kola yenye kasoro ya milimita mbili. Inachanika baada ya kufuliwa mara chache, na mtoto anarudi nyumbani shingo imekaa upande. Binti alikuwa anaiharibu kazi kwa kuitafutia ukamilifu, na alikuwa anaiharibu kwa mikono yenye ustadi, jambo ambalo lilinisikitisha zaidi.

Mashati ya viwandani, hata yale ya bei kubwa, hayalingani kwa asilimia mia. Kiwanda kinapopokea oda huandikiwa vipimo, na pembeni mwa kila kipimo huandikwa kiasi kinachoruhusiwa kuzidi au kupungua: nusu sentimita kwenye kola, sentimita moja kwenye kifua, kulingana na mteja. Shati likiwa ndani ya mpaka huo, limepita, linafungwa kwenye mfuko, linakwenda dukani. Kosa linaloruhusiwa linakubaliwa kabla kitambaa hakijakatwa. Fundi wa kibandani hana karatasi hiyo. Mpaka wake anauchora yeye mwenyewe usiku akiwa amechoka, na mtu aliyechoka tena mwenye hofu huchora mpaka usioweza kufikiwa.

Wanasaikolojia wawili wa Kanada, Paul Hewitt na Gordon Flett, waliandika mwaka 1991 kwamba kiu ya ukamilifu ina sura tatu. Kuna mtu anayejidai mwenyewe ukamilifu, kuna anayewadai wengine, na kuna anayeamini kwamba watu wanaomzunguka wanamdai yeye, kwamba watampokea akiwa hana dosari tu. Baadaye Thomas Curran na Andrew Hill wakakusanya majibu ya wanafunzi wa vyuo zaidi ya 40,000 wa Marekani, Kanada na Uingereza, ya kuanzia 1989 hadi 2016. Sura zote tatu zilikuwa zimepanda, na iliyopanda zaidi ni hiyo ya tatu.

Wanafunzi hao wanaishi mbali sana na Isingiro. Lakini nikisoma maelezo ya sura ya tatu naona nyuso ninazozijua. Mkimbizi akikosea dukani Mbarara, anahisi wamekosea wakimbizi wote. Akiuza gauni lenye uzi unaoning'inia, anasikia kichwani, “Ndiyo kazi zao hao wa kambini.” Huenda hakuna aliyesema hivyo. Pengine aliwahi kusema mmoja, na inatosha. Binti wa Masisi aliponiambia, “Sitaki wanicheke,” nilimuuliza ni akina nani. Alifikiri kwa muda mrefu. Hakuweza kumtaja hata mtu mmoja.

Yupo pia mwalimu, mzee wa heshima kutoka Uvira, Kongo pia, aliyefundisha sekondari kwa Kifaransa kwa miaka mingi. Kiingereza anakijua. Amesoma vitabu vya sarufi, na daftari lake la maneno lina mwandiko unaopendeza macho. Nimemsikia akimweleza mjukuu wake tofauti ya nyakati za vitenzi kwa ufasaha kuliko walimu wengi. Lakini tulikuwa tukipanda naye taksi kwenda Mbarara, tukishuka tu, anakuwa bubu. Vyeti vyake vinahitaji kupelekwa Kampala vikalinganishwe na vya Uganda, vya sekondari katika baraza la mitihani, UNEB, na vya chuo katika baraza la elimu ya juu, NCHE. Kwa miaka kadhaa alivifunga ndani ya plastiki akisema atakwenda Kiingereza chake kitakaponyooka. “Mwalimu hawezi kusimama mbele ya karani akikosea,” aliniambia. Ninamheshimu sana mzee huyu, na naielewa hofu yake. Mtu aliyekuwa mwalimu, aliyepoteza nyumba, maktaba na mji, amebaki na kitu kimoja, heshima ya ulimi wake, na anaogopa kukiweka mezani.

Nasema hivi kwa sababu wapo wanaoandika juu ya ukamilifu kana kwamba ni madoido ya watu wenye nafasi. Hapa ni jeraha pia. Mtu aliyewahi kupoteza kila kitu kwa siku moja anataka angalau kimoja kisicho na kasoro.

Kusubiri kwetu kuna sura nyingine, kubwa kuliko kola na sarufi. “Nikiondoka, nitaanza.” Nikifika Marekani nitasoma. Nikifika Kanada nitafungua duka la kushona. Sitamlaumu anayesema hivyo, kwa maana kila mmoja wetu anamjua aliyeondoka kweli. Ila shirika la UNHCR limesema kwa miaka mingi kwamba wakimbizi wanaopelekwa nchi ya tatu kwa mwaka hawafiki asilimia moja ya wakimbizi wote duniani, na Januari 2025 Marekani ilisimamisha mpango wake wa kuwapokea. Mei mwaka huohuo, mgao wa chakula wa Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, WFP, ukasimama kwa watu takriban milioni moja nchini Uganda kwa kukosa fedha. Maisha yaliyowekwa akiba kwa ajili ya mahali pasipo kasoro yalianza kudai chakula hapahapa.

Nirudi kibandani, kwa sababu huko ndiko nilikoona mtu akibadilika.

Nilianzia kwenye jambo nililolisoma. Pale Oxford, Roz Shafran, Zafra Cooper na Christopher Fairburn waliandika mwaka 2002 kuhusu watu ambao thamani yao yote machoni pao wenyewe imetundikwa kwenye kufikia viwango vikali, hata viwango hivyo vinapowaumiza. Katika tiba iliyokua kutokana na kazi yao kuna zoezi ambalo mtu yeyote anaweza kulifanya bila daktari. Unaandika unachotabiri kitatokea ukiitoa kazi ilivyo. Unaitoa. Kisha unarudi kwenye karatasi yako unalinganisha.

Nilimpa binti kipande cha karatasi. Akaandika kwa Kiswahili chake cha Kivu kwamba mama wa mtoto ataona kola, atalirudisha shati, ataidai pesa, na majirani wataacha kuja. Tukaenda wote wawili na shati jingine, lenye kola iliyofumuliwa mara moja tu. Mama yule alilishika, akaligeuza ndani nje. Akavuta vifungo kimoja kimoja kuona kama vimekazwa. Akapitisha vidole mfukoni kuona kama mshono utahimili penseli na jiwe, maana anamjua mwanawe. Akachukua na sketi ya binti yake, akakunjua pindo na kuuliza limeachwa kiasi gani, ili aliteremshe mwaka ujao mtoto akikua. Kola hakuitazama kabisa. Alilipa, akauliza kama tunaweza kushona na la mtoto wa dada yake.

Tuliporudi binti alikaa kimya, kisha akasema maneno ambayo nimeyatumia kufundishia tangu hapo: “Vifungo sikuvikaza vizuri, mama. Muda wote nilikuwa kwenye kola.”

Hilo ndilo linalonifanya niamini kwamba kazi haiwezi kukamilika ikiwa chumbani. Mtu peke yake na kazi yake hajui kinachotakiwa, kwa hiyo anasugua kile ambacho macho yake yanakiona, na macho yake yanaona kile anachokiogopa. Mama wa mtoto alikuwa na orodha nyingine kabisa: vifungo, mfuko, pindo. Sare ya mtoto hata haitakiwi kumalizika. Fundi mzuri anaacha kitambaa cha ziada kwenye pindo na ubavuni kwa sababu anajua mwili utakaoivaa Desemba si ule wa Februari.

Mbarara ilitufundisha hivyohivyo. Tulipeleka magauni ya kitenge kwa mwenye duka mmoja mjini, mama Mnyankole anayetusalimu “agandi” kabla hatujavuka kizingiti. Tulikuwa tumehangaika na nakshi za shingoni. Akayapanga mezani akasema, “Nyabo, mabega yamepanuka sana, na wateja wangu wanayataka marefu, wanavaa kanisani.” Urefu na mabega. Hakuna hata mmoja wetu kibandani aliyekuwa amefikiria kanisa. Alichukua machache kujaribu, na mengine tukarudi nayo tukayapunguza mabega. Awamu iliyofuata ilikuwa bora kuliko ile ambayo tungeipata kwa kufumua shingo mwaka mzima.

Baada ya hapo tukaweka sheria ya kibanda: fumua mara moja. Ukiona kosa, una ruhusa ya kulifumua mara moja. Likibaki kosa dogo baada ya hapo, liache, liandike kwenye daftari pamoja na jina la nguo, ulirekebishe kwenye nguo inayofuata. Daftari hilo ni muhimu, kwa sababu mtu mwenye macho makali hawezi kuambiwa tu “achana nalo”. Akiandika, anajua kosa halijapotea, limepata mahali pa kusubiri.

Sheria haigusi vitu vinavyomwumiza mvaaji. Kwapa linalokata ngozi, zipu inayong'ata, msamba wa suruali usiokazwa: hivyo unafumua mpaka vikae, hata kama kitambaa kitalalamika, na kikiharibika tunanunua kingine. Wanafunzi huniuliza watajuaje tofauti. Ninawaambia wamfikirie mtu ndani ya nguo, akiinama kuchota maji, akibeba mtoto, akipanda bodaboda. Kinachomzuia kufanya hayo ni kosa kubwa. Kinachomzuia fundi kulala ni jambo lingine.

Nimeona kwamba swali la kukata na kushona linafaa hata nje ya kibanda, na ndilo ninalowauliza wanaokuja kwangu na mipango iliyokwama. Jambo hili likienda vibaya, linafumulika? Kukopa fedha kwa dhamana ya cherehani ni kukata. Pima mara nyingi. Kusaini mkataba wa kibanda cha mjini ni kukata. Lakini sentensi ya Kiingereza iliyokosewa mbele ya muuza ndizi inafumulika papo hapo, unaisema tena. Barua ya kuomba nafasi ya masomo inayokataliwa inaandikwa upya mwaka ujao, ilhali isiyotumwa haina hata jibu la kujifunzia. Nasi wenye viwanja vidogo nyuma ya nyumba tunajua kwamba mvua ya Septemba haimngojei anayetafuta mbegu bora. Unapanda maharage uliyonayo, na mbegu nzuri unaitafuta kwa mvua ya Machi.

Mzee wa Uvira hakushawishiwa na maneno yangu. Kilichomshawishi ni mjukuu wake, aliyemwomba amsindikize Mbarara kununua vitabu na kumwambia dukani, mbele ya watu, “Babu, muulize wewe.” Aliuliza. Alikosea kitenzi, nami nilimwona alivyojua kwamba amekosea, uso ulimbadilika. Muuzaji akajibu bei, akaendelea kutafuta vitabu kwenye rafu. Miezi michache baadaye vyeti vilitoka kwenye plastiki na kupelekwa kutafsiriwa, kwa kuwa Kifaransa hakipokelewi hivihivi. Taratibu ni ndefu na zina gharama, bado anazifuatilia. Wakati huohuo anafundisha watu wazima wa mtaa wetu Kiingereza jioni, na sharti lake la kwanza ni kwamba kila mtu aseme jambo kwa sauti kabla ya kuandika.

Binti wa Masisi sasa ana wanafunzi wake na anapokea kazi za harusi, ambazo mimi huziogopa. Satini haisamehi: sindano ikipita mahali pasipo pake, tundu linabaki hapo hata upige pasi namna gani. Aliniambia kwamba kwa satini sheria yangu ya kufumua mara moja ni ruhusa kubwa mno, na nilipofikiri nikaona ana haki. Yeye hununua mashuka ya mitumba sokoni, anakata gauni zima kwanza kwa shuka, analishona kwa mishono mirefu, anamvisha bibi harusi, anafumua na kukaza anavyotaka. Bei ya shuka anaiweka kwenye gharama na mteja anaelezwa tangu mwanzo. Gauni la shuka lazima liwe limekwisha Alhamisi, hata likiwa halijamridhisha, kwa sababu Ijumaa asubuhi anakata satini.